Biti ndogo za nakshi: ipi ununue, ipi ujitengenezee

Herufi za ndani ya pete ya ndoa zina kimo cha milimita mbili hivi. Ukitaka jina kama "Neema" lisomeke vizuri, unene wa mstari usizidi robo milimita. Sasa fungua lile boksi la biti lililokuja na mashine yako ndogo ya kuchongea. Vichwa vingi vina unene wa milimita mbili au tatu, na karibu vyote ni unga wa almasi uliogandishwa juu ya chuma. Hapo ndipo linapoanzia swali ninaloulizwa sana hapa Mwanza, na masonara na vijana wanaoandika majina kwenye vikombe vya mashindano: biti ndogo kabisa nitazipata wapi, na je, siwezi kujitengenezea?

Jibu langu nalitoa mapema, asiye na muda aondoke nalo. Biti ya kichwa cha duara nunua. Biti ya ncha tengeneza mwenyewe. Zinazofuata ni sababu, pamoja na mahali ambapo jibu hilo linanigomea.

Pima koleti kabla hujatoa hela

Nilipoanza niliagiza kutoka Dar biti kumi za kabaidi, zile ngumu za daktari wa meno, za duara, kichwa nusu milimita. Kifurushi kikaja na basi, nikakifuata stendi ya Nyegezi alfajiri, nikarudi mezani na furaha ya mtoto mwenye viatu vya Idi. Naiweka ya kwanza kwenye koleti, kile kibano cha mashine kinachoshika mguu wa biti, nakaza, inacheza humo ndani kama mchi kwenye kinu. Muuzaji hakuwa na kosa, alituma nilichoagiza. Mimi ndiye sikujua kwamba biti za daktari wa meno zina miguu ya unene tofauti.

Mguu mwembamba una kipenyo cha milimita 1.6, na pakiti yake imeandikwa FG. Huo ni wa ile mashine ya meno inayozungushwa kwa hewa, inayolia kama mbu sikioni, mizunguko 300,000 na zaidi kwa dakika. Mguu mnene ni milimita 2.35. Ukiwa mrefu, milimita 44 hivi, umeandikwa HP. Ukiwa mfupi wenye pengo kisiginoni umeandikwa RA. Biti za sonara nazo zina mguu wa 2.35, kwa hiyo hizo na HP zinakaa koleti moja. RA iache hata kama inaingia. Ni fupi mno, koleti haipati pa kubana vizuri.

Mashine ndogo za mkono mara nyingi huja na koleti ya 3.2 peke yake. Tafuta seti yenye 2.4 na 1.6 kabla ya kununua biti yoyote. Ukiwa na mota ya kuning'inia yenye chaki, yaani kibano cha biti cha kukazwa kwa ufunguo, hiyo inameza kila kitu mpaka milimita 4, ila chaki za bei ya chini hazishiki biti katikati. Na usije ukazungushia mguu karatasi ya foili ili ukae. Nilijaribu. Kichwa cha nusu milimita kikitoka katikati kwa sehemu moja tu ya kumi ya milimita, kinachora mstari wa 0.7, tena wenye mawimbi. Faida yote ya kununua biti ndogo inaishia hapo.

Jambo la pili kwenye pakiti ni namba ya kichwa, na hapo kuna lugha mbili. Ya kimataifa ni rahisi: 005 ni nusu milimita, 010 ni milimita moja, 023 ni mbili nukta tatu. Ya Kimarekani inabidi uikariri. Kwa vichwa vya duara, 1/4 ni milimita 0.5, 1/2 ni 0.6, namba 1 ni 0.8, namba 2 ni 1.0, namba 4 ni 1.4. Anayeuza akikwambia "namba moja" muulize ni kwa hesabu ipi.

Kabaidi ya meno na HSS ya sonara

Hizi mbili ndizo zinazoshindana kweli, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

HSS ni kile chuma cha biti za kawaida za kutobolea, kilichokolezwa ili kisilegee kikipata moto. Chuma cha kawaida chenye kaboni kinaanza kupoteza ugumu kikipita nyuzi 200 hivi. HSS inavumilia mpaka karibu na 600. Kabaidi ni kitu kingine kabisa: ni chembe za tangsteni na kaboni zilizoshikanishwa kwa kobalti, na ugumu wake ni kama mara mbili ya HSS. Ukiishika mkononi unahisi ni nzito kuliko inavyoonekana.

Ugumu huo una bei yake, na simaanishi ya dukani. HSS ikizidiwa inakuwa butu. Unaona kwa jicho, mstari unaanza kung'aa badala ya kukatika, unabadilisha biti, kazi iko salama. Kabaidi ikizidiwa inavunjika ghafla, na mara nyingi kichwa kinabaki kimezama ndani ya pete ya mteja. Kukitoa bila kuharibu dhahabu ni kazi ya saa nzima, na mteja kakaa pale anakutazama. Kwa hiyo ninapochagua kati ya hizi mbili najiuliza ikifa itafia wapi. Kwenye pete nyembamba ya mteja aliyekaa mbele yangu, naanza na HSS. Kwenye sahani ya shaba ya kibao cha ofisi, kazi ya herufi mia mbili, natia kabaidi, kwa sababu HSS itakuwa butu katikati na herufi za mwisho hazitafanana na za mwanzo.

Watu wanaogopa kwamba mashine zetu ni za polepole mno kwa biti ya meno. Tuhesabu. Kichwa cha nusu milimita kwenye mizunguko 20,000 kwa dakika, makali yake yanasafiri mita 31 hivi kwa dakika. Kwa daktari, kwenye 300,000, yanasafiri mita 470. Tofauti ni kubwa, lakini mita 31 zinatosha kukata shaba, fedha na dhahabu, mradi usikandamize. Kinachobadilika ni tabia: kwa mwendo wetu kabaidi hurukaruka ukiigusisha vibaya. Igusishe ikiwa tayari inazunguka, iinamishe kama nyuzi 45 ili ubavu ndio ukate, maana kitovu cha kichwa hakisafiri popote, kinasugua tu.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini biti kubwa za HSS zinaungua. Kichwa cha milimita 2.3 kwenye mizunguko ileile 20,000 kinasafiri mita 144 kwa dakika, na HSS kwenye chuma cha kawaida inapenda kama mita 25 au 30. Mafundi wanasema "biti hizi feki". Nyingine ni feki kweli, lakini nyingi zimeuawa kwa pedali, yaani kwa mwendo kupita kiasi. Kichwa kikiwa kidogo ongeza mwendo, kikiwa kikubwa punguza.

Vilainishi: nta ya nyuki kwa biti zote mbili. Gusisha biti inayozunguka kwenye donge la nta kila baada ya herufi mbili tatu. Mshumaa nao unafaa.

Kuhusu biti zilizokwishatumika kwa wagonjwa. Niliwahi kuletewa kopo zima, na aliyeleta hakutaka kusema zilikotoka. Bei ilikuwa ya kutupa. Sikununua, na sababu haikuwa ubutu. Biti hiyo imeingia mdomoni mwa watu na kugusa damu, na kirusi cha homa ya ini aina ya B kinakaa hai nje ya mwili kwa siku saba au zaidi. Sisi vidole vyetu vina michubuko kila siku. Ukipewa na daktari unayemfahamu, muombe azipitishe kwanza kwenye mashine yao ya mvuke, nyuzi 121 kwa dakika 15 au nyuzi 134 kwa dakika chache. Za kuokotwa kwenye taka za hospitali, hata bure ni ghali.

Almasi

Kwa upande wa almasi nitasema machache, kwa kuwa wengi wanazo na wengi wanazitumia pasipostahili. Mgodi wa almasi wa Mwadui hauko mbali na sisi, lakini almasi ya kwenye biti ni ya kiwandani, unga ulioshikizwa kwa nikeli. Haina meno. Inakwaruza. Kwenye metali laini unga wa kazi unajaa katikati ya chembe na baada ya dakika mbili unasugua dhahabu kwa dhahabu. Sonara ana sababu moja zaidi ya kuikwepa: dhahabu iliyonasa kwenye biti haianguki kwenye trei. Kabaidi na HSS zinatoa vijichembe vinavyofagiliwa kwa brashi na kurudi kwenye chungu cha kuyeyushia. Almasi inakula kidogokidogo na hairudishi.

Inapofaa ni kwenye kioo, jiwe na chuma kilichokwisha kutiwa ugumu kwa moto. Pia inafaa kutia rangi ya ukungu ndani ya herufi iliyokwisha kuchongwa na biti nyingine. Pete ya rangi shingoni inaonyesha ukali wake: kijani ni chembe kubwa, nyekundu ni ndogo, njano ni ndogo zaidi. Kwa ukungu wa herufi chukua nyekundu.

Za kujitengenezea: anza na shazia

Mtaa wa Makoroboi umepewa jina na watu waliokuwa wakigeuza makopo kuwa taa za mafuta, kwa hiyo kujitengenezea si jambo la kufundishana mji huu. Ila kuna chuma kinachokubali na kisichokubali.

Chukua shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia. Pasha ncha mpaka iwe nyekundu kama cheri na sumaku isiivute tena, hapo iko karibu nyuzi 770. Itose kwenye mafuta ya kula. Kisha ipitishe tupa. Tupa likiteleza bila kushika, hiyo ni shazia ya chuma chenye kaboni, iweke. Likishika na kula, ni chuma laini, irudishe kwa mwenye magunia. Spoku ya baiskeli usihangaike nayo.

Iliyofaulu irudishe kwenye moto na uiache ipoe polepole ndani ya majivu, ili ilainike upya. Ishike kwenye drili, izungushe, na kwa tupa dogo itengenezee kichwa cha duara. Meno unayakata kwa tupa la pembe tatu, moja moja, ukiwa na kioo cha kukuzia. Halafu moto tena, mafuta tena. Ikitoka hapo ni ngumu lakini inapasuka kama kigae, kwa hiyo ing'arishe kwa msasa na uipashe kutokea mguuni, taratibu, huku ukitazama rangi inavyotambaa kuelekea kichwani. Rangi ya majani makavu inapofika kwenye meno, kama nyuzi 230, tosa. Ukiona kahawia umechelewa kidogo, ukiona bluu umetengeneza springi. Kwa kitu kidogo hivi moto wa koroboi na bomba la kupulizia unatosha kabisa.

Nimetengeneza za namna hiyo labda ishirini. Ya milimita 2 inakata vizuri kwenye shaba na fedha. Ya milimita 1.5 inakata. Chini ya hapo mkono wangu haupati nafasi ya meno, nabaki na kijiduara chenye mikwaruzo kinachochoma badala ya kukata. Ndiyo maana nasema za duara nunua: kiwanda kinakata meno sita au manane kwenye kichwa cha nusu milimita, na mimi siwezi.

Onyo moja kwa wanaotumia biti za HSS zilizovunjika kama malighafi. Usiipashe kwenye mkaa ukatosa kwenye maji ukidhani unaikoleza. Chuma hicho kinahitaji kama nyuzi 1,200 ndipo kikolezwe, jiko lako halifiki, utakachopata ni kukilegeza. Ikate na uinoe ikiwa vilevile ilivyo ngumu, kwenye jiwe, ukiichovya majini kila ikipata joto.

Ncha ya kabaidi, ile ninayoipenda

Sasa upande ambao mtengenezaji anamshinda muuzaji. Mafundi wanaotoboa sakiti za kielektroniki hutumia biti nyembamba za kabaidi tupu, zenye mguu wa milimita 3.175 na pete ya rangi shingoni. Zinavunjika ovyo, na zikivunjika kwao ni takataka. Kwangu ni mguu mzima wa kabaidi unaongoja kunolewa, na unaingia bila shida kwenye ile koleti ya 3.2 uliyokuja nayo.

Grenda la mezani lenye jiwe la kijivu haliwezi kabaidi, litajimaliza lenyewe. Unahitaji kisahani cha almasi chembe ndogo, na maji yanayodondoka. Maji si kwa ajili ya joto tu. Vumbi la kabaidi lina kobalti, na kobalti inaharibu mapafu taratibu bila kukuonya. Barakoa, miwani, na usipulize vumbi kwa mdomo. Mimi nilikuwa nikipuliza.

Umbo la kwanza ni ncha ya pande tatu. Unanoa uso mmoja, unazungusha biti theluthi ya mzunguko, unanoa wa pili, kisha wa tatu, mpaka vikutane. Dakika kumi umemaliza. Haikati kwa ukali sana, inasukuma chuma pembeni kuliko kukitoa, lakini inatulia mkononi, na anayeanza ataandika nayo jina likanyooka.

La pili ni ncha ya nusu. Unakula nusu ya unene wa mguu kwa urefu wa milimita sita hivi, unapima kwa kaliper mpaka ibaki 1.6, kisha unanoa upande wa mviringo kuwa koni ya nyuzi 60. Baada ya hapo unapunguza kidogo sana nyuma ya ukingo mmoja, ili ukingo wa mbele peke yake ndio uguse kazi. Mwisho, na hapa ndipo wengi wanapoharibu, vunja ukali wa ncha: isugue igusike tu, ipate bapa la sehemu moja ya kumi ya milimita. Ncha kali kama mwiba inakatika kwenye herufi ya kwanza. Yenye bapa hilo, ukiizamisha kina cha 0.1, inakuachia mstari wa 0.2 na kidogo. Ni ile robo milimita ya pete tuliyoanza nayo, na sijaona biti ya duara inayoutoa mstari huo ukiwa na kingo safi namna hiyo.

Thamani ya ncha hii ya nusu nilifundishwa na mzee mmoja wa Ukerewe. Alileta injini ya mtumbwi kutoka mwaloni, anataka jina na namba zichongwe kwenye mguu wake, pale penye alumini chini ya rangi, ili ikiibwa ijulikane hata ng'ambo. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, hii nitaimaliza kabla ya saa sita." Nilitia almasi, ikajaa alumini ikawa kama kijiko kilichochovywa kwenye uji. Nikatia kabaidi ya duara, ikajaa pia, maana meno sita yana nafasi ndogo ya kutema. Mzee akauliza taratibu, "Fundi, saa sita ya leo?" Ncha ya nusu ndiyo iliyoniokoa. Ina ukingo mmoja na nafasi ya nusu nzima nyuma yake, chembe zinatoka zenyewe. Nikapaka mafuta ya taa kwa brashi, nikaandika. Tangu siku hiyo alumini yote naifanya hivyo.

Panaponigomea

Stenlesi. Migongo ya saa, bangili, vikombe vya chai ambavyo watu wanataka viandikwe jina la marehemu. Stenlesi inakuwa ngumu zaidi kila ukiisugua bila kuikata, kwa hiyo biti ikisita mara moja tu, pale iliposita pamekuwa pagumu kuliko mwanzo. HSS ya duara inataka mwendo wa mita 15 kwa dakika, yaani kichwa cha milimita moja kisizidi mizunguko 5,000. Mashine nyingi za mkono kwenye mwendo huo hazina nguvu, ukigusa zinasimama. Ncha yangu ya nusu inang'ata kisha inakatika. Ya pande tatu inaandika, lakini mstari unakuwa mwembamba na hafifu, wa kusomwa kwa kugeuzageuza kwenye mwanga.

Kwa hiyo hapo, baada ya maneno yote niliyoyasema juu ya almasi, ninachofanya ni kufungua lile boksi la bure, natafuta biti ndogo kuliko zote yenye pete nyekundu, naishusha kwenye kopo la maji kila baada ya herufi moja, na naandika kwa herufi kubwa kidogo kuliko mteja alivyoomba. Namwambia kabla sijaanza.